Drone Iliyorudi Ilikotoka

Kwenye basi dogo la Coaster la kutoka Namtumbo kuja Songea, kijana aliyepakata drone iliyovunjika, kamera yake ya kuruka ya kupigia picha za harusi, alikuwa akimweleza kosa lake mama wa kiti cha jirani.

"Niliirushia uani kwa kina biharusi, mama, kisha nikaondoka na msafara. Chaji ilipokaribia kuisha, ikarudi yenyewe pale nilipoirushia. Ikamkata usoni bibi yao aliyebaki kwenye mkeka. Siku nyingine nitarushia uwanjani, mbali na watu."

Alijieleza vizuri, kama anayejibu mtihani.

"Bibi anaendeleaje?" mama akauliza.

"Sijui. Nilipofuata drone, nilikuta wameshampeleka hospitali hapo Songea."

"Kwa hiyo unakwenda kumpa pole."

Kijana akaipangusa vumbi drone. "Nakwenda kwa fundi."

Gari likasimama. Akashuka ameibeba kwa mikono miwili, kama anayebeba mgonjwa.