Samaki wa Nzau Asimwagwe

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Maundu, kaa hapa kando ya tangi la samaki. Najua hupendi. Kaa. Ngina, mwinue baba yako kidogo, hivyo.

Shamba la huku juu mligawiwa mbele ya wazee, na ng'ombe ni wa Ngina, sitarudia. Nimewaita kwa sababu ya samaki huyu, na kwa sababu ya Mukai, mke wa marehemu ndugu yenu Nzau.

Samaki huyu Nzau alimleta kutoka Nairobi tajiri wake alipohama, amempakata ndani ya mtungi wa plastiki, mdogo kama kidole, anang'aa. Sasa ana miaka kumi na mitano, rangi imemwisha, amekuwa mweupe kama kichwa changu. Mwaka ule wa njaa, tulipopanga foleni kisimani, Kalama yote ilinicheka eti Mwangangi anatekea samaki maji. Yalikuwa maji yangu ya kuoga. Nilikaa na uchafu wangu, yeye akaishi.

Anazijua nyayo zangu. Nikiingia na fimbo anapanda juu, anafungua mdomo. Akiingia mwingine anajificha nyuma ya jiwe. Mama yenu alipofariki, ni yeye niliyekuwa nikikaa naye jioni, mimi naongea Kikamba, yeye ananitazama. Tangu nilale hapa hapandi tena. Yuko chini tu, ananingoja, na mimi inaniuma.

Na wewe Maundu, Nzau alipokufa, ukatangaza kwamba samaki asiyekufa si samaki, kwamba Mukai alimlisha roho ya mume wake. Niliwakataza, mkanizidi kwa kelele. Mkakataa hata kumpa mkono kanisani, mpaka akabeba nguo zake akaenda Ekalakala kuuza nyanya, matanga hayajaisha. Mvua ya kwanza iliponyesha, ukapanda maharagwe katika shamba lake.

Nzau aliuawa na ukimwi. Nimelitaja. Mliliogopa neno hilo kuliko mnavyomwogopa Mungu, mkaona afadhali lawama ziende kwa samaki na mjane. Kama huyu anakula watu, mimi ninayemlisha kwa mkono angeniacha nizeeke?

Sasa shikeni haya. Maharagwe yang'olewe, shamba la chini ni la Mukai. Kando ya kaburi la Nzau, upande wa kushoto, asizikwe mtu. Hapo ni pa Mukai, na ninaomba siku hiyo ichelewe. Samaki ni wake pia. Maji ya bomba yaacheni yalale kwenye ndoo kwanza, yana dawa, yatamuua. Na msinizike kabla Mukai hajaketi katika nyumba hii.

Nipe maji, Ngina. Kidogo. Basi.

Maundu, tia mkono ndani ya tangi. Baraka yangu haitaushika ukiwa mkavu. Tia, mwanangu. Tulia, usiuchezeshe... Unaona, anapanda. Anakuonja kidole, anadhani ni mimi.

Na hujafa.

Lete huo mkono, niutemee mate kama baba yangu alivyonitemea. Ngai awape mvua... awape watoto watakaowazika. Ngina, na wako... karibu. Haya.

Usiupanguse, Maundu. Nenda nao hivyo hivyo Ekalakala... ukamshike Mukai mkono.