Bi Muhuri Aliyeifungulia Dashibodi Faili

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Mkuu wa Masjala wa ofisi yetu ya maji atakuwa ametumikia miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja nimeagizwa nisizisahau. Rasimu yangu ya kwanza ilisema miaka thelathini na tatu tu, ikarudi mezani kwangu ikiwa na alama nyekundu. Naam, mstaafu amehariri wasifu wake mwenyewe. Mnamjua.

Sote tunamwita Bi Muhuri, na kama humu ukumbini kuna mgeni asiyejua kwa nini, amtazame kidole gumba cha kulia, wino hautoki tena. Aliajiriwa akiwa mpiga chapa, akahamia masjala baada ya miaka miwili, akaota mizizi. Hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kugongwa IMEPOKELEWA. Kadi ya mwaliko wa harusi yangu, niliyompelekea kwa mikono miwili, iligongwa muhuri, ikapewa folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya faili, ikaingia kwenye faili la Mambo Mengineyo. Mke wangu hupenda kunikumbusha ndoa yetu imehifadhiwa wapi.

Utani kando kidogo. Bomba likipasuka mtaani, jambo la kwanza ni kufunga koki ya mtaa huo, na koki zetu nyingi zimejificha. Moja iko chini ya ngazi za duka la viatu. Nyingine imo ndani ya ua wa mjane mmoja mkali ambaye hafungui geti mpaka atajiwe Bi Muhuri. Michoro ya zamani iliharibika paa la masjala lilipovuja. Ndiyo, ofisi ya maji ilivujiwa, na tulichekwa vya kutosha. Kilichobaki kilikuwa kichwani mwake, na kwenye madaftari ishirini na mawili yenye mwandiko ambao mafundi wanaapa kwamba ni wa daktari. Basi fundi akiwa barabarani, maji yamemfika magotini, humpigia Bi Muhuri. Akiwa likizo, humpigia nyumbani. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, siku hizi anaweza kuelekeza koki tatu nne bila kutoa pini mdomoni.

Mwaka jana alipopata barua ya kustaafu, aliigonga muhuri, akaja kukaa kando ya meza yangu. Akasema kinachomtisha si kustaafu, ni kuondoka na mji mzima kichwani. Siku bomba la hospitali ya wazazi litakapopasuka, sisi tutabaki tunaparura ardhi kama kuku. Nilicheka. Nilipoona hacheki, nikaacha.

Dashibodi ya koki, yaani ukurasa wa kompyuta wa kuonyesha kila koki ilipo, ilikuwa imeahidiwa, lakini mtaalamu wetu wa kompyuta alihamishwa, na mambo mengine yote yakasubiri bajeti ijayo. Bi Muhuri anaisikia bajeti ijayo tangu enzi za mashine za chapa. Akaamua kujitwika kazi hiyo mwenyewe. Akagundua kwamba mtandaoni kuna violezo vya bure: kurasa zilizokwisha kutengenezwa, zenye menyu, majedwali na chati, kazi yako ni kuvisakinisha, kuondoa vitu vya mfano na kuweka vyako. Akapakua kimoja. Kisha akafanya jambo ambalo sidhani kama kiolezo kingine chochote kimewahi kufanyiwa. Akakifungulia faili.

Maelekezo yote aliyachapa, kurasa sitini na tatu, kila moja muhuri wake. Kila kosa lililojitokeza kwenye skrini alilichapa pia, akaandika maoni pembeni kwa kalamu. Siku kompyuta ilipomjibu kwa ukurasa mweupe mtupu, aliuchapa huohuo ukurasa mtupu, akaugonga IMEPOKELEWA, akaupa folio namba 17. Asiyeamini aende masjala akaone.

Alihangaika wiki tatu. Vifurushi vya programu vilitakiwa kupakuliwa kwanza, na mtandao ukawa unakatika kila vikifika nusu. Alimpigia yule mtaalamu aliyehamishwa, akimwita mwanangu kwa upole wa kutisha, mpaka mwanangu akaacha kupokea. Hatimaye, Alhamisi moja asubuhi, dashibodi ikafunguka. Menyu kushoto, alama ya kengele juu, chati ya buluu inapanda tu. Kwenye kona ilikuwepo picha ya mwanamume mwenye ndevu na tabasamu pana, aliyekuja na kiolezo. Tukamwita Bwana Mfano. Bi Muhuri akaenda kunywa chai ya ushindi.

Ole wetu! Meneja alipita wakati huo, akaiona chati, akaipenda. Jumatatu akaionyesha kikaoni kuthibitisha kwamba uzibaji wa mabomba umepanda kwa asilimia themanini, akawapongeza mafundi. Mafundi, watu wasio na haya, walipokea pongezi na kujipigia makofi. Ni Bi Muhuri aliyesimama, akaeleza kwamba zile ni takwimu za mfano zilizokuja na kiolezo, na kwamba mabomba yaliyozibwa wiki ile ni tisa, akayataja mtaa kwa mtaa. Meneja alikunywa maji glasi nzima. Mafundi wakawa wanakagua viatu vyao.

Tangu hapo alifuta kila kitu cha mfano, isipokuwa Bwana Mfano. Hakujua picha inabadilishwa wapi, na kukiri hakutaka. Akadai kwamba huyo amekuja na nyumba, na kumfukuza si adabu. Kisha kwa miezi minane, kila siku baada ya chai ya saa nne, aliingiza koki kumi: ilipo, inageuzwa upande gani, mwenye ua ni nani na anapenda kusalimiwaje. Jumla koki elfu moja mia sita na nne.

Aya zinazofuata hajazihariri, kwa sababu sikumwonyesha.

Mwezi uliopita alianza likizo yake ya mwisho. Jumanne ya wiki ya kwanza umeme ukapanda ghafla, ukaiunguza kompyuta iliyobeba dashibodi. Nakala ya koki zote tuliikuta kwenye flashi, ndani ya bahasha, ndani ya faili, na bahasha ina muhuri. Tukaleta kompyuta nyingine, tukalifungua lile faili tulilolicheka mwaka mzima, tukafuata folio moja moja. Folio 9: "Hapa itanyamaza dakika ishirini. Haijafa. Usiguse, kanywe chai." Tulifika mahali skrini ikawa nyeupe kabisa, tukaikimbilia folio 17. Nyuma ya ile karatasi tupu ameandika: "Ukiona hivi, folda umeiweka pasipo pake. Rudi folio 12. Usilie." Tukarudi. Kabla ya mchana Bwana Mfano alikuwa anatutabasamia tena.

Ijumaa asubuhi bomba kubwa likapasuka, na mahali penyewe ni nyuma ya hospitali ya wazazi. Maji yalikuwa yanapanda ngazi za wodi. Fundi akapiga simu masjala, nikabofya mtaa, nikamsomea: nguzo ya tatu, chini ya bati, geuza kushoto mara kumi na nne. Baada ya dakika sita maji yakakatika. Hakuna mzazi aliyehamishwa kitanda.

Shemeji ametusimulia yaliyotokea nyumbani. Jirani aliwaletea habari za bomba, na Bi Muhuri akaweka simu mezani kando ya cherehani, akakaa kuingoja. Haikulia. Mchana akamwambia mumewe kwamba basi, wamemsahau, akajifuta machozi. Kisha akafikiri kidogo, akaanza kucheka, akala sahani mbili na kulala usingizi ambao shemeji hajamwona akiulala miaka mingi.

Hatujakusahau, dada yetu. Hatukupiga kwa sababu ulishatujibu. Ahsante kwa kila karatasi, hata ile tupu. Na leo asubuhi tumepagundua mahali picha inapobadilishwa: Bwana Mfano ametuaga, na kwenye kona ile uko wewe, umeshika muhuri wako.

Uishi vyema na shemeji, kwa afya na vicheko, na simu yako ikae kimya. Ikilia, ujue tunakusalimia tu.