Barua ya Mtunzi kwa Mama wa Jikoni

Nje ya kibanda cha Hadia, Kambi Muru, kuna benchi moja ndefu ambayo mguu wake wa nne ni matofali. Hapo kahawa ya tangawizi hunywewa na mambo ya dunia huamuliwa kabla ya saa sita. Jumapili moja alifika Trizah kutoka Kawangware 46, amekumbatia katoni kama mtoto mgonjwa. Alikuwa akimtafuta mjomba wake Khamala, fundi wa redio, ambaye kijiweni wanamwita Waya. Kando ya Waya alikaa Murjan, landilodi wa Kinubi, anayeitwa Jenerali kwa sababu babu yake alikuwa mwanajeshi, na yeye mwenyewe hajawahi kukubali kushindwa vita, hata vya maneno.

— Niaje, Ankal, Trizah akasema. Nataka unishauri. Mwalimu Mukhwana amenitumia hii na boda asubuhi.

— Si uliacha kazi ya huyo mzee?

— Niliacha. Leo siku ya kumi na mbili.

Kwa miaka tisa Trizah alimpikia Mwalimu Mukhwana, mzee wa Lavington aliyestaafu kufundisha piano. Siku moja akipanguza vumbi alisogeza karatasi zake, na mzee akamfokea mbele ya wageni: “Kichwa chako ni cha kubebea ndoo tu!” Trizah alivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Tangu hapo chakula hakikumshuka, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Akatoa fremu ya kioo kwenye katoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya rangi ya chai, mwandiko umelala upande kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

— Ni barua. Iliandikwa kwa mkono na mtunzi mkubwa wa muziki, huko Vienna, miaka mia mbili iliyopita. Mwalimu aliinunua akisoma huko, pesa zikamwishia, akakaa misimu miwili ya baridi bila koti. Kuna watu wanakusanya hizi vitu, humpigia simu kutoka ng'ambo wakiitaka. Amekataa.

— Anaitwa nani huyo mtunzi? Jenerali akauliza.

Trizah akajaribu kulitamka jina, ulimi ukateleza, akaacha.

— Hiyo ni fotokopi, Waya akasema. Akaiinua juani, akakodoa macho. Zii, si fotokopi. Kalamu imekwaruza karatasi. Hii ni yenyewe, buda.

— Basi si barua! Jenerali akapiga paja. Hizo ni siri za jeshi. Wanamuziki walikuwa wanazunguka mji hadi mji, nani angewashuku? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? Hadia akauliza, akimimina kahawa.

— Kinaingia. Fikiria tu.

— Cheki haya madoa, Waya akasema. Moja juu, mbili chini. Hizo ni nota za muziki! Msee alificha wimbo ndani ya barua. Ukiupiga kwa kinanda inatoka ngoma hakuna mtu amewahi kuskia.

— Ukiuza hiyo ngoma unanunua Kambi Muru yote mpaka reli, Jenerali akasema. Isipokuwa ploti yangu.

— Doa ni doa, Hadia akasema. Labda alikuwa analia.

Trizah akafunua karatasi nyingine. Mwalimu alikuwa ametafsiri barua yote kwa Kiswahili, bila kuongeza neno lake hata moja. Akasoma polepole:

“Mama mpendwa, jana nilikutupia maneno, kisha sahani ya supu. Supu ilikuwa nzuri. Mbaya nilikuwa mimi. Sijui ufunguo wa stoo ya makaa uko wapi, na vidole vimekufa ganzi, siwezi kucheza. Nakuomba urudi.”

— Kumbe ni ya mboch wake! Jenerali akasema.

— Mfanyakazi wake, Trizah akamkata jicho.

— Haya, mfanyakazi. Lakini mwanaume haombi msamaha juu ya supu. Hapo kulikuwa na mapenzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu ya nani sasa? Hadia akauliza.

— Uza, Trizah, Waya akasema. Fungua hoteli yako huko Kawangware.

— Mzee anamwomba arudi, Hadia akasema. Hamna macho?

— Basi aseme! Sauti ya Trizah ikapanda. Mbona anaazima mdomo wa mtu alikufa kitambo?

Wangoi, muuza sukuma, alikuwa amesimama hapo na redio yake mbovu mkononi, akisikiliza.

— Na huyo mama, akauliza, alirudi?

Waya akaigeuza fremu, kana kwamba jibu limebandikwa nyuma. Trizah alikuwa ameipanguza fremu hiyo miaka tisa ukutani, asijue inamhusu mtu kama yeye.

Akairudisha kwenye katoni.

— Unaenda kuuza? Waya akauliza.

— Naenda kuuliza.

Huko Lavington, Mwalimu alifungua mlango mwenyewe, shati amelivaa nje ndani. Trizah hakuvuka kizingiti.

— Huyo mama alirudi?

— Sijui. Mzee akaushika mlango. Miaka arobaini nimeitafuta barua ya pili, sijaipata. Trizah, nilikukosea. Maneno yale hayakustahili kutoka kinywani mwangu. Nisamehe.

Trizah akamkabidhi katoni.

— Nitakuja kesho saa mbili, akasema. Leo ni ofu yangu.