Ramani ya Nne: Wasifu wa Marehemu Dkt. Adelard Kahigi, Aliyerudisha Tuzo

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa Rugu kumsindikiza Adelard: haya yameandikwa na dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Tarehe zote ni za kweli.

Marehemu Adelard Kahigi alizaliwa hapa hapa Rugu tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa nne na wa mwisho. Mvua ilikuwa kubwa wiki ile, na mkunga alifika matope yakiwa magotini. Wazazi wetu walikuwa watu wa migomba, kahawa na kanisa. Kibanja chetu, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kilikuwa na miramura pande zote, ule mti wa majani marefu ambao majirani wawili huupanda pamoja, mbele ya mashahidi, kuonyesha mpaka. Siku hizo hakukuwa na jiwe la serikali wala kipimo cha simu. Mramura ukishapandwa, maneno yamekwisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970, hapa Rugu. Wiki ya kwanza tu alirudi nyumbani anahema.

“Mama, shule iko hatua elfu nne mia mbili!”

Mama akamtazama. “Vizuri. Sasa chukua mtungi, nenda kisimani, uniletee hesabu ya huko.”

Alienda, akarudi na hesabu. Maji alisahau.

Mwaka 1977 alichaguliwa kwenda sekondari Bukoba. Vita vya Kagera vilipoanza alikuwa kidato cha pili, na kwa miezi miwili hatukujua yuko wapi. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1983, akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, kisha Chuo Kikuu Dar es Salaam, akahitimu Jiografia mwaka 1987. Udaktari wa falsafa aliupata mwaka 2003. Sisi wa darasa la saba tulidhani jiografia ni majina ya mito. Yeye alisema ni kujua mtu anaishi wapi na kwa nini hapo.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Evangelina, muuguzi, binti wa Ihanda. Siku ya posa, baba mkwe aliuliza kijana ana mali gani. Adelard akatoa karatasi mfukoni, kibanja chetu chote kimechorwa, hadi migomba.

“Ramani haikamuliwi, kijana,” mzee akasema. “Ng’ombe wako wapi?”

Nyumba nzima ilicheka, na Evangelina huko chumbani akasikika akicheka kuliko wote. Ng’ombe walipelekwa.

Alifundisha sekondari miaka saba, kisha chuo kikuu hadi alipostaafu. Kila likizo alirudi, anavaa viatu vya mpira, anazunguka vijiji vya Karagwe na Kyerwa akiuliza wazee habari za mipaka. Kutokana na hayo aliandika makala ndefu juu ya miramura, ikiwa na ramani saba, ikachapwa mwaka 2020 katika jarida la wanajiografia linalosomwa nchi nyingi. Mwaka uliofuata jarida likaipa Tuzo ya Makala Bora ya Mwaka. Makala moja tu hupewa kwa mwaka, na safari hii ilikuwa ya mtoto wa Rugu.

Cheti kilikuja kwa kompyuta. Othman mwenye duka pale Kayanga alikichapa kwa rangi, lakini hakukitoa. Alikitundika dukani siku mbili. “Kikae hapa kwanza, Mwalimu,” alisema, “Karagwe ione.” Tulichinja. Chuoni nako walimwambia kwamba kwa tuzo ile, uprofesa ulikuwa unabisha hodi.

Sasa nifike pale ambapo watu wamesema mengi. Imesemwa sokoni kwamba Daktari alivuliwa tuzo kwa kudanganya. Leo ataondoka na jina lake safi, kwa hiyo sikilizeni.

Agosti 2022 alifika hapa mama mmoja kwa bodaboda kutoka Songambele. Jina lake Kokushubira, mjane. Adelard alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Mama hakuipokea.

“Marahaba, Mwalimu. Umenilia shamba bila kulionja.”

Ikawa hivi. Ramani ya nne katika makala ilionyesha mpaka kati ya mama huyo na jirani yake Cleophace. Adelard alipoenda kupima, Cleophace ndiye aliyemwonyesha mstari wa miramura, naye akauandika. Kumbe mstari ule ulikuwa uzio wa zizi la ndama la zamani. Mpaka wenyewe ulikuwa mbele zaidi, upande wa Cleophace, miti yake imekauka, na katikati kulikuwa na kahawa ya mama. Cleophace alikuwa ameipeleka makala kwenye baraza la kata na kusema, “Hii imeshinda tuzo. Yeye ana nini?”

“Mbona siku ile hukuniambia, mama?” Adelard aliuliza.

“Siku ile nilikuwa jikoni. Nakupikia wewe.”

Wote tunajua kwetu bibi harusi akishaingia, mama mkwe humzungusha mipakani, mti kwa mti. Kokushubira alizungushwa mwaka 1968. Cleophace alirithi juzi juzi tu. Marehemu aliwauliza wanaume waliokaa uani, akala chakula cha mwenye kujua, akaondoka. Hakutunga uongo. Alikosea kama mgeni wa heshima anavyokosea.

Wenzake walimsihi aache: ramani moja kati ya saba, nani atajua? Akawajibu, “Kokushubira anajua.” Alirudi Songambele, akazungushwa upya na mama huyo, kisha akaliandikia jarida kosa lake lote na kuomba tuzo wampe mwingine, kwa sababu hoja ya makala ilisimama juu ya ramani hiyo. Walichapa masahihisho, na tuzo wakampa aliyefuata. Uprofesa haukurudi kubisha. Cheti alikishusha ukutani kwa mkono wake.

Wakati huo figo zilikuwa zimeanza kumchosha. Ugonjwa uligunduliwa Januari 2023, naye akastaafu kwa sababu hiyo. Hata hivyo tarehe 15 Juni alisimama kwa fimbo mbele ya baraza la kata, akaeleza kosa la ramani ile.

“Daktari,” Cleophace akamwambia, “unaikana karatasi yako mwenyewe?”

“Siikani. Mtoto wako akikosea humkani, unamrudi.”

Watu wakacheka, na Cleophace naye akacheka. Yeye na Kokushubira wakapatanishwa siku ile. Wiki iliyofuata Cleophace na Kokushubira walipanda miramura mipya pamoja, na marehemu alikaa kwenye kigoda kama shahidi.

Evangelina alimuuguza kwa miaka miwili na zaidi, nyumbani na hospitalini, bila kunung’unika. Tulipomtembelea, Adelard alitaka tumtajie majina ya vilima vya utoto wetu, kimoja kimoja, na tukiruka kimoja alitusahihisha. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Evangelina, watoto watatu, Agnetha, Kamugisha na Kokuhirwa, wajukuu watano, na dada mmoja, maana wengine wametangulia. Kokushubira amefika, yule pale karibu na jiko, na safari hii tunamwomba aje akae mbele na wafiwa. Marehemu ameacha makala ishirini na tatu, na mpaka mmoja Songambele ambao hakuna mtu anayeugombea.

Mungu ampumzishe kwa amani mdogo wangu, katika udongo huu wa baba yetu.