Vikapu Kumi na Viwili Nilivyosema Vipo

Wapendwa wa Kibimba, Bwana na ainuliwe mahali hapa. Nimeombwa niseme kwa ufupi. Nitajitahidi, ingawa mtu aliyepitia mengi hawezi kuwa mfupi sana.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyekwenda Mwanza na begi moja, nikabeba mizigo sokoni asubuhi na kusoma jioni, nikapata diploma ya biashara bila kuchangiwa na mtu. Wenzangu walibaki mjini. Mimi nilirudi, na nilirudi na duka. Duka lenyewe halikuwa na mlango wala kufuli, lilikuwa ndani ya simu. Niliuza vikapu vyetu vya mfuniko kwenye soko la mtandaoni, na watu wa Dodoma na Arusha wasiojua Ngara iko upande gani wakavijua vikapu vya Ngara. Nani mwingine hapa alifanya hivyo? Hakuna.

Lakini ndugu zangu, nilikuwa kifungoni, na kifungo hicho nilikisuka mwenyewe.

Soko lile lina sheria. Ukipokea oda kisha ukaighairi kwa sababu bidhaa imeisha, unanyang'anywa nyota moja ya sifa, na duka lako linasukumwa chini, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Ukighairi mara ya tatu, unafungiwa. Nami niliandika "vipo" hata kwa kikapu ambacho bado kilikuwa nyasi bondeni. Nikimwona msukaji ameanza kitako tu, kwangu hicho ni kikapu. Ikaja palizi, wanawake wakaweka nyasi chini wakashika majembe, nikaghairi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ikabaki moja nifungiwe.

Hapo mama mmoja wa Dodoma akaagiza kumi na viwili kwa sherehe ya kumuaga binti yake. Safari hii sikuwa na wasiwasi. Vilikuwa vimekwisha kusukwa, vimepangwa ukutani nyumbani kwa shangazi Sesilia, aliyewasimamia wasukaji wangu. Alinitumia ujumbe nikavichukue. Nikaahirisha siku mbili, kwa sababu njia ilikuwa tope na nilikuwa na viatu vipya.

Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipoanza tena kuvuka mpaka. Walishuka vilimani pamoja na ukungu, magodoro kichwani, bila sauti, kana kwamba wanatembea usingizini. Ukiwatazama hukujua kama ni watu wa leo au wa zamani.

Nilipofika, ukuta ulikuwa mtupu.

"Shikamoo shangazi. Vikapu viko wapi?"

"Marahaba. Vimeenda."

"Vimeenda wapi?"

"Vimeenda na maharage. Watu walilala hapa, wameondoka kwenda kusubiri magari ya kambini. Ulitaka niwamiminie maharage mikononi?"

"Shangazi, vile vilikuwa vimeshauzwa."

"Kwa nani? Sikuona mtu kuja."

"Kwenye simu."

Akaitazama simu yangu. "Basi huyo wa kwenye simu na asubiri, ameshiba. Na hiyo diploma yako haikukufundisha kuchukua mzigo unapoitwa?"

Niliondoka bila kuaga. Nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Neno "Ghairi" lilikuwa pale kwenye kioo, jekundu, na kidole changu kilikuwa tayari. Nikajua nikiligusa, duka limekwisha, na mimi ni kijana mwingine tu aliyerudi nyumbani. Ukungu ukapanda kutoka bondeni ukanifunika. Nikaegemea jiwe. Nadhani nililala.

Nikaona vikapu vinavuka mto. Vilikwenda kwa mstari juu ya maji, mifuniko kichwani, polepole, kama wanawake wanaotoka ibadani. Nikaingia majini kuvihesabu. Kila nilichokigusa, nilisikia mtu anapumua ndani. Nikafunua cha mwisho. Ndani nilikuwepo mimi, mtoto mchanga, nimefungwa kanga ya mama yangu, nimelala juu ya maharage.

Ndugu zangu, kuna jambo ambalo huwa silisemi. Mama yangu naye alivuka mpaka ule, mimi nikiwa mgongoni. Sesilia si shangazi yangu wa damu. Ni mwanamke aliyetufungulia mlango, akampa mama chakula ndani ya kikapu cha mfuniko. Mnajua desturi yetu: kikapu kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Mama aliona aibu kukirudisha na kitu kidogo. Akangoja apate cha kutosha, mpaka akafariki kikiwa bado ukutani kwetu. Na mimi, msomi, nilikipiga picha nikaiweka mbele ya duka langu. Ndiyo picha iliyowavuta wateja wote.

Nilipozinduka nilisema, "Bwana, nimeuza nisichokuwa nacho, nikamkasirikia aliyetoa alichokuwa nacho." Sikuwa na sala nyingine. Nikamwandikia mama wa Dodoma ukweli wote: vikapu havipo, vimebeba maharage ya wakimbizi, na aliyechelewa ni mimi. Nikashuka bila kungoja jibu.

Jibu lilinikuta njiani. "Usighairi. Sherehe bado wiki tatu. Nimeongeza siku za kupokea mzigo upande wangu. Binti anasema anavitaka vya huko huko."

Siku ya tatu wanawake wawili wa Kirundi walirudi kwa shangazi, magari yao yakiwa hayajafika. Walirudisha vikapu viwili. Ndani waliweka mafungu ya nyasi laini, zilizokaushwa vizuri. Wakaketi mkekani, wakaanza kusuka pamoja na wenyeji, bila kuombwa. Vikapu kumi na viwili vilipanda basi siku nne kabla ya sherehe.

Nyota zangu mbili hazijarudi mpaka leo. Hata hivyo bado mimi ndiye wa kwanza kwa vikapu wilayani, na hilo si majivuno, ni habari. Ila sasa naandika "vipo" baada ya kuvishika kwa mkono.

Kikapu cha mama nilikishusha ukutani, nikakijaza maharage mpaka mfuniko ukakataa kukaa, nikampelekea shangazi kwa miguu, kwenye tope. Alikitambua kabla sijabisha hodi.

"Umechelewa," akasema, akanipokea mzigo.

Ndugu yangu uliyeahidi kisichokuwepo nyumbani mwako, usikimbilie kughairi. Sema ukweli, umwachie Bwana siku zilizobaki. Yeye alinipokea nikiwa nimechelewa. Utukufu ni wake.