Sylvester Kioko Musyimi na Faili la Sheria za Jiji

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika katika ukumbi huu leo Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, mliopata viti mketi na mliokosa mvumilie, ili mjue kwa ufupi, kadiri ufupi unavyowezekana kwa mtu wa namna yake, alikotoka na alikopitia mpendwa wetu Sylvester Kioko Musyimi. Maelezo haya yameandikwa na mjane wake, Mildred Wanjiru, pamoja na binti yao, Abigail, na yanasomwa na shemeji yake, Karanja, ambaye ameonywa asiongeze neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kangundo, Machakos, nchini Kenya, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Musyimi na Mama Kalondu. Alisoma shule ya msingi hapohapo nyumbani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978, ambako alikuwa kiranja wa maktaba na aliwahi kumzuia mwalimu mkuu kuazima kamusi, kwa kuwa kadi ya mwalimu mkuu ilikuwa imekwisha muda wake. Alichapwa, lakini kamusi haikutoka.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa na baraza la mji mmoja mdogo, katika masjala ya sheria ndogo, na kazi yake ilikuwa moja tu, kupokea kila badiliko lililopitishwa na madiwani, kulikata kwa mkasi, na kulibandika kwa gundi juu ya kifungu kilichofutwa, ili kitabu kisomeke kama sheria ilivyo siku hiyo na si kama ilivyokuwa zamani. Kazi hiyo aliipenda kuliko wengine wanavyopenda mpira, na alikuja kugundua kwamba mji ule ulikuwa na vitabu vitatu vya sheria zilezile, kimoja masjala, kimoja mahakamani na kimoja kwa askari wa kanjo, yaani wa baraza lenyewe, na kwamba ni chake peke yake kilichokuwa kikibandikwa.

Mwezi Agosti 1986 msichana mmoja aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba mbele ya posta alikamatwa kwa kupanga bidhaa kando ya barabara kabla ya saa mbili asubuhi, na Kioko akaitwa mahakamani alete kitabu cha masjala, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu aajiriwe, hivyo akavaa tai. Hakimu alipofungua kitabu cha mahakama alikikuta kifungu kikiwa hai, na alipofungua cha Kioko akakuta kimefunikwa kwa karatasi iliyoandikwa kwamba kilifutwa mwaka 1983, na kesi ikaishia hapo, na watu wakacheka, na askari wakaangalia viatu vyao. Kioko alitoka nje akitarajia shukrani, lakini yule msichana alimngojea ngazini akiwa na furushi lake kichwani, akamuuliza swali ambalo marehemu alilisimulia mara nyingi mwenyewe.

“Hiyo karatasi ulikuwa nayo miaka mitatu, na hukuona haja ya kumwambia mtu?”

Alimtafuta wiki nzima ili ampe jibu, akamkosa, akamtafuta tena, na mnamo tarehe 12 Desemba 1987 walifunga ndoa takatifu mjini Thika, bado akiwa hana jibu. Bibi harusi ndiye Mildred, mjane tuliye naye hapa, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Abigail mwaka 1989 na Peter mwaka 1993. Baraza la mji halikufurahishwa na ushahidi ule, likamhamishia idara ya makaburi, ambako alifanya kazi kwa utulivu hadi alipopunguzwa kazini mwaka 2003, na mjane ameagiza kwamba habari za makaburi zisiendelezwe siku ya leo.

Mildred ndiye aliyeifungulia familia njia ya kuja hapa Guangzhou, China, kwani alianza kusafiri kununua viatu katika soko la Zhanxi mwaka 2004, na tarehe 9 Mei 2007 marehemu alimfuata, wakapata chumba cha ofisi katika ghorofa ya kumi na moja ya jengo la Tianxiu Dasha, mama akinunua na baba akifunga mizigo. Lakini mtu aliyezoea gundi hawezi kupita tangazo bila kulisoma, na matangazo yalikuwa tele, kwenye lifti, kwenye ngazi, kwenye mageti, yote kwa Kichina, na wenzake wote wakiyapita kama mapambo. Mwaka 2012 alimsikia mtu wa Mombasa, Mwadini, muuza viatu aliyekuwa jirani yao wa ofisi, akimweleza mgeni kwa uhakika mkubwa kanuni ya kuandikisha makazi, na mgeni mwingine akaeleza kinyume kwa uhakika uleule, na Kioko akawauliza wote wawili wameyasoma wapi, ikaonekana wote wawili wameambiwa na kinyozi mmoja.

Mungu hupanga, maana mwezi Machi 2013 kanisani alikutana na Leokadia Mushi, binti wa Moshi, Tanzania, aliyekuwa hapa kwa ufadhili akisomea shahada ya uzamili ya sheria, na akamshika kwa maswali hadi chakula kikapoa. Leokadia ndiye aliyemweleza kwamba sheria za jiji hazikai fungu moja, kuna zinazotungwa na baraza la wawakilishi wa jiji na kuidhinishwa na mkoa, chini yake kuna kanuni za serikali ya jiji, na chini kabisa kuna miongozo ya idara na mitaa, ambayo mingi huandikwa siku yake ya kufa kama pakiti ya maziwa, na isipohuishwa siku hiyo inakufa. Marehemu aliposikia kuna sheria zenye tarehe ya mwisho aliomba arudiwe.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa lile faili jeusi la pete nne mnalolijua, lenye vitenganishi vya rangi tatu kwa madaraja matatu, na ndani yake mafungu ya makazi, biashara, takataka, pikipiki za umeme, kelele na wanyama, kila ukurasa ukiwa na namba, jina la sheria, siku ilipoanza, na chini kabisa siku ilipohakikiwa. Kila Jumatatu Leokadia alisoma gazeti la serikali la jiji, akamletea kilichobadilika, na marehemu akakiandika kwa Kiswahili kwa mkono wake, ukurasa mpya ukaingia, wa zamani ukatoka. Waligombana sana, si juu ya sheria bali juu ya Kiswahili, kwani yeye aliandika kanjo na Leokadia akafuta akaandika halmashauri, na kuna ukurasa mmoja wa mapipa ya taka uliochelewa wiki mbili kwa sababu ya ngeli. Mlinzi wa jengo akaanza kumwita Laoshi, yaani mwalimu, na marehemu hakumkataza.

Mwaka 2016 Mwadini alilipiga faili lote fotokopi bila kuuliza, akagawa nakala arobaini na tatu, kwa nia njema, na tunasema hivyo kwa kuwa yupo ukumbini. Tatizo ni kwamba nakala hazikubadilishwa kurasa, na nyingine zilijazwa ndani ya viatu visipoteze umbo, hata mteja mmoja wa Mombasa akapiga simu akiuliza kama ni lazima amwandikishe mbwa wake kabla ya kuvaa viatu vile. Marehemu hakucheka. Alisema ukurasa mbovu ni mbaya kuliko kukosa ukurasa, na alikuwa sahihi, na haikupita muda ikamrudia yeye mwenyewe.

Familia imejadiliana kama jambo hili lisomwe, na Abigail akasema baba angetaka lisomwe na tarehe zake.

Ndugu Humphrey, ambaye wote tumekula kwake, ana mgahawa katika uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na wakati ule alichoma mbuzi kwa makaa uani, na kila Alhamisi marehemu alikuwa meza ya pembeni. Mwongozo wa mtaa ulioruhusu majiko madogo ya makaa nyuma ya migahawa ulikufa tarehe 30 Juni 2017 na haukuhuishwa. Leokadia alimletea habari hiyo Jumatatu, tarehe 3 Julai, na marehemu akasema atautoa ukurasa Ijumaa, maana kati ya Jumatatu na Ijumaa kulikuwa na Alhamisi. Ijumaa ikafika, akakumbuka ana mzigo wa kufunga. Kwa wiki kumi na moja mtu aliyewahi kumnyima mwalimu mkuu kamusi alipita mbele ya faili lake kila asubuhi bila kulifungua kwenye fungu la biashara, akijiambia kwamba pengine mwongozo utarudi, na kila Alhamisi alikula mbuzi akiwa ameinamisha macho.

Alhamisi, tarehe 21 Septemba 2017, saa saba mchana, mgambo wa jiji watatu waliingia uani. Humphrey hakutikisika, akawaambia wateja watulie, tuna karatasi, akachomoa ukurasa aliokuwa ameuweka kwenye fremu ya kioo ukutani, na kwa kuwa mgambo hawasomi Kiswahili, akamwomba aliyeuandika awasomee, yeye atafsiri. Marehemu alisimama akiwa bado ameshika mfupa. Hakukuwa na mtu wa kumsuta, tarehe ya kufa ya mwongozo angeweza kuiruka na Humphrey angetafsiri alichosikia, na majirani waliokuwapo wanakumbuka kwamba mgambo mmoja alitazama saa.

“Ukurasa huu haufanyi kazi tangu mwisho wa mwezi wa sita,” alisema. “Nilijua. Sikuutoa kwa sababu ya nyama.”

Humphrey alimtazama. Kisha, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua Kichina vizuri, akatafsiri neno kwa neno dhidi yake mwenyewe, na mkubwa wa mgambo akaomba arudie sehemu ya nyama, akaiandika.

Jiko lilichukuliwa na mgahawa ukafungwa siku tisa, na wapo waliosema Kioko angenyamaza tu, na wapo waliosema angesema mapema, na kundi la pili liliongozwa na Leokadia, aliyemwambia mbele ya mkewe, “Mzee, mimi nilikuletea Jumatatu,” akaacha kuja kwa wiki tatu. Humphrey hakumsemesha.

Siku hizo tisa alizitumia kusimama mbele ya lifti ya Tianxiu Dasha akiwa na faili kifuani, akimwambia kila mwenye nakala, Mkristo na Mwislamu, Mkenya, Mtanzania na Mkongo, kwamba nakala ile ina makosa, kwamba kosa mojawapo ni lake la kukusudia, na kwamba ataibadilisha. Alipanda ghorofa moja baada ya nyingine, na kuanzia hapo ikawa kanuni, hupewi ukurasa mpya mpaka urudishe wa zamani mkononi, hata kama una doa la mchuzi, na siku ya kufa ya mwongozo iliandikwa juu ya ukurasa kwa wino mwekundu, na hakuna ukurasa ulioingia wala kutoka bila sahihi mbili, yake na ya Leokadia, ambaye alirudi kwa sharti hilo. Nakala arobaini na moja zilipatikana. Mbili zilikuwa zimeshavuka bahari ndani ya viatu.

Humphrey alifungua tena kwa jiko la umeme, na kwa miezi mitatu ile nyama, asamehewe kwa kuwa ndiye aliyetupikia leo, haikulika. Marehemu aliila. Kila Alhamisi alifika, akaketi meza ileile, akamaliza sahani yote bila kuomba chumvi, na Alhamisi ya kumi na nne Humphrey akavuta kiti, akakaa naye, akamuuliza kama kweli ni mbaya kiasi hicho, na Kioko akamwambia ni mbaya sana, wakacheka mpaka wateja wakageuka, na yakaishia hapo.

Mwezi Juni 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Aliendelea na kazi akipumzika kila ghorofa ya pili, Abigail, aliyekuja kutusaidia ofisini mwaka 2019, akajifunza Kichina, na hakuwahi kulipenda lile faili, akimbebea na kulalamika, hadi tarehe 20 Novemba 2024 alipolazwa. Hata wodini aligundua kwamba saa za kutazama wagonjwa zilizobandikwa mlangoni hazilingani na zile za kwenye lifti, akamtuma binti yake akaulize ipi ni ya mwisho, na muuguzi akapiga simu, akarudi, akabandua moja, akamwinamia kidogo mgonjwa wake.

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, asubuhi, aliuliza ni siku gani, akaambiwa Jumanne, akauliza kama Leokadia alikuja jana. Mildred, aliyekuwa amemshika mkono, akamwambia alikuja, na wiki hii hakuna kilichobadilika. Akasema, “Basi.” Saa nne na dakika ishirini alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja. Mwili utasafirishwa kwenda Kangundo kwa maziko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, majirani wa ghorofa ya kumi na moja walioacha biashara zao kukaa nasi, wafanyabiashara wenzake wa Zhanxi, makanisa na msikiti, Ndugu Mwadini kwa usafiri, na Leokadia, ambaye kwetu sasa ni mtoto wa nyumbani. Tunamshukuru pia Bibi Liang wa ofisi ya mtaa, aliyefika nyumbani jana kutupa pole, akiwa na bahasha yenye tangazo jipya linaloanza kutumika tarehe mosi mwezi ujao, kama alivyozoea kumletea marehemu mwenyewe, kisha akasimama mlangoni, hajui amkabidhi nani. Abigail aliinuka katikati ya waombolezaji, akalipokea kwa mikono miwili, akalisoma lote hapohapo amesimama, kisha akamuuliza kwa Kichina, “Hili linaondoa lipi?”

Pumzika, Sylvester Kioko Musyimi, amani iwe nawe.