Kurasa Tisa za Didi Dilmaya

Miaka thelathini na moja, ngazi arobaini na mbili kila asubuhi, na ufunguo mmoja uliofungwa kwenye ncha ya sari. Siku ya mwisho ya mwezi huu wa Asar, dada yetu mkubwa, Didi Dilmaya Ale, mkutubi wa chuo chetu cha ualimu hapa Palpa, Nepal, anastaafu.

Tuliosoma hapa wote tunamjua. Ukienda kuomba vitabu vya utafiti, anakupa kwanza kadi tupu uandike swali lako. Mwaka jana mwalimu mmoja aliandika "Elimu ya watoto wa vijijini." Didi akaigeuza kadi. "Hiki kichwa cha habari, mdogo wangu. Swali liko wapi?" Yule bwana alirudi mara nne. Ya tano akaandika: kwa nini watoto wangu wa darasa la pili hawawezi kusoma kwa sauti? "Haa, sasa umekuja maktaba!" akasema Didi, akampeleka kwenye ripoti za wilaya pale dirishani, kisha majarida, kisha kabati la tasnifu. Kompyuta ilipoletwa alijifunza kabla yetu, akatucheka tulivyoishika kama sufuria ya moto.

Kamati ya jarida la chuo imeniomba mimi, karani wa mitihani, niandike mema yake. Jema kubwa kuliko yote nimelificha miaka ishirini na miwili.

Nilikuwa mwanafunzi hapa. Kabatini kulikuwa na tasnifu ya mwalimu mmoja kuhusu wasichana wanaoacha shule msimu wa kupanda mpunga. Nakala ilikuwa moja tu, haiazimwi, na mimi nilikuwa nimechelewa. Nikangoja sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, siku ambayo vitabu vinapumzishwa na hakuna anayesoma. Didi alikuwa uani akigawa matunda ya ibada. Nikaingia. Mguu wangu ukagusa kitabu kilichokuwa sakafuni. Nikakiinua, nikakigusisha kwenye paji la uso kukiomba radhi, kama tulivyolelewa. Halafu nikatoa wembe, nikakata kurasa tisa za majedwali kwenye ile tasnifu.

Kwenye ukaguzi wa vitabu Didi ndiye aliyepewa barua ya onyo. Akacheleweshwa cheo miaka miwili. Jumamosi tatu alipanda mlima kwa miguu hadi kwa yule mwalimu aliyeiandika tasnifu, akanakili zile kurasa upya kutoka kwenye daftari zake, kwa wino wa kijani. Mpaka leo zinasomwa kuliko zote kabatini.

Wiki iliyopita nilimpelekea zile nilizokata.

"Didi, mwizi nilikuwa mimi."

"Najua. Jedwali la tatu mwalimu alikosea kujumlisha. Nilipokwenda kwake kunakili akasahihisha. Kwenye utafiti wako, bwana, kosa lilikuwa palepale, limekaa kama mgeni rasmi!"

"Mbona hukunitaja?"

"Ungefukuzwa. Nikasema, acha amalize, ataleta mwenyewe. Sikujua wewe ni kobe."

Nikamwambia nataka kuiandika habari hii humu, wote wasome. Akanipa kadi tupu. "Andika. Ila usisahau marejeo."

Marejeo ni haya: kurasa 61 hadi 69, zilikatwa na mimi, Khagendra Pangeni, zimerudishwa wiki iliyopita. Nimemwandikia mkuu wa chuo vilevile. Jana alinipa adhabu yangu, ambayo naistahili, akaitoa ile barua ya onyo kwenye faili la Didi. Anaondoka na faili safi, kama alivyostahili tangu mwanzo.

Didi, asante kwa kila kadi uliyotugeuzia. Magoti yako yapumzike na ngazi zetu, machungwa ya shambani kwako yazae, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Langu ni moja tu, nimeliandika kwenye kadi uliyonipa na nimeiacha mezani kwako: utanisamehe?

Kadi imerudi asubuhi hii. Nyuma yake kuna neno moja, kwa wino wa kijani: "Zamani."